Mashariki mwa Kongo: Majengo ya umma yazinduliwa kwa shangwe, lakini nani analipa paa, umeme na maji?

Utepe ukishakatwa, picha zikishapigwa na wakubwa wakisharudi mjini, jengo jipya la shule ama la kituo cha afya hubaki mikononi mwa mkurugenzi, muuguzi mkuu na zamu wa usiku. Tangu siku ile jengo linaanza kudai. Linadai balbu, kufuli, rangi, mazutu, maji ya kusafishia, fundi wa kupanda juu ya paa. Mara nyingi hesabu ya madai hayo haikuandikwa popote wakati wa kuchora ramani, na hapo ndipo tatizo linaanzia.

Katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri, mjadala juu ya majengo ya umma huzunguka neno moja: kujenga. Nani amejenga, amejenga mangapi, nani ameacha kazi nusu. Hata programu ya maendeleo ya teritwari 145, iliyotangazwa katika muhula wa kwanza wa Rais Félix Tshisekedi, raia wanaipima kwa namna hiyo: wanahesabu mashule, vituo vya afya na majengo ya utawala yaliyokamilika, na yale yaliyokwama. Swali hilo lina haki yake. Lakini kuna swali la pili linalogusa mfuko wa mwananchi kwa miaka mingi zaidi: jengo likishasimama, nani analitunza, kwa feza gani, na kwa utaratibu gani?

Jengo lisilo na mlipaji anayejulikana ni deni. Na huku kwetu deni hilo linaishia kwa mzazi wa mwanafunzi na kwa mgonjwa.

Mwenye jengo ni nani?

Mashule mengi ya umma katika sehemu hii ya nchi yanasimamiwa na makanisa, kufuatana na mkataba uliotiwa sahihi kati ya Serkali na makanisa tarehe 26 Februari 1977. Kwa hiyo kiwanja na kuta mara nyingi ni vya parokia ama vya jumuiya ya kidini, mwalimu analipwa na Serkali, programu ya masomo inatoka Kinshasa, na Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 204, inaweka elimu ya msingi na ya sekondari kati ya mambo yanayosimamiwa na majimbo. Wakubwa wamekuwa wengi juu ya jengo moja. Upepo ukingoa bati, kila mmoja anapata sababu ya kumtazama mwenzake.

Kabla ya Septemba 2019, jibu lilikuwa chungu lakini rahisi: mzazi ndiye analipa. Sehemu ya karo ilikuwa inanunua chaki, kufuli na mabati. Serkali ilipoanza kutekeleza kifungu cha 43 cha Katiba, kinachosema kwamba elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure katika mashule ya umma, watoto wengi waliokuwa wanabaki nyumbani waliingia darasani. Hilo ni jambo jema na halipaswi kurudishwa nyuma. Ila madarasa yalijaa. Dawati lililokuwa linakaliwa na watoto wawili likakaliwa na wanne, choo kikajaa mapema, bawaba za mlango zikachoka haraka. Feza za uendeshaji kutoka Kinshasa nazo, zinapofika, mara nyingi zinachelewa. Mkurugenzi akabaki na kifungu cha 15, kile cha mitaani ambacho kila Mkongomani anakijua: ujitafutie.

Kujitafutia huko kuna sura mbili. Ya kwanza ni kuacha: dirisha lililovunjika linabaki limevunjika, na darasa linahama mvua inapoanza. Ya pili ni kuomba: mchango wa zamu, mchango wa usafi, mchango wa paa. Hivyo elimu inayoitwa ya bure inaanza kulipiwa kupitia mlango wa nyuma, na mtoto ambaye mama yake hana mchango ndiye wa kwanza kurudishwa nyumbani.

Katika kituo cha afya mambo yanafanana. Ada anayolipa mgonjwa haiendi kwenye dawa peke yake. Ndani yake mna sabuni, mazutu ya jenereta, mshahara wa zamu na wa mfagiaji. Jenereta ikichoma mazutu bila sababu, ama bomba likivuja mwaka mzima, gharama hiyo inamrudia mgonjwa. Ndiyo maana usimamizi wa majengo si kazi ya mafundi peke yao. Unagusa haki ya raia ya kusoma na ya kutibiwa.

Ufa mdogo, bei ndogo

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tufanye hesabu yake. Tuchukue mfano wa shule yenye madarasa sita, bati moja limenyanyuliwa na upepo. Tuseme bati jipya, misumari na siku moja ya fundi vinagharimu dola 30. Shule haina dola 30 wiki hiyo, inangoja. Mvua inaingia kwenye mbao zinazobeba paa, mbao zinaoza. Maji yanateremka ndani ya ukuta wa matofali, plasta inaanguka. Madawati na vitabu vinalowa. Misimu miwili ya mvua ikipita, fundi akiitwa tena hatazungumzia bati moja. Atazungumzia mbao, mabati kumi na tano, plasta na madawati, na hesabu yake inaweza kupita dola 1 500. Aliyekosa dola 30 sasa atatafuta mara hamsini ya hizo.

Katika nchi nyingine jambo hili limewekewa kipimo. Mwaka 1990, Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilishauri kwamba kila mwaka itengwe asilimia 2 hadi 4 ya thamani ya majengo ya umma kwa ajili ya matunzo na matengenezo yake. Kwa jengo la dola 100 000, hizo ni dola 2 000 hadi 4 000 kwa mwaka. Kipimo hicho hakiwezi kunakiliwa hapa kama kilivyo, lakini kinatufundisha jambo moja: anayetoa dola 100 000 za kujenga bila kusema dola 2 000 za kila mwaka zitatoka wapi amefanya nusu ya kazi.

Kila mji una adui wake. Goma inaishi chini ya Nyiragongo na Nyamulagira. Mvua inayopita ndani ya moshi wa volkano inabeba asidi, na asidi inakula bati. Paa ambalo lingedumu miaka mingi mahali pengine linaweza kushikwa na kutu mapema zaidi huko, hasa upande ambao upepo unapeleka moshi. Jengo la umma la Goma lililonunuliwa mabati membamba ya bei ya chini limeokoa feza siku ya kununua tu. Kupaka rangi ya kuzuia kutu kabla kutu haijaanza kunagharimu kidogo kuliko kubadili paa lote.

Bukavu adui wake ni mteremko. Maji ya paa yasipopokelewa na mtaro yanachimba chini ya msingi, na ukuta unaanza kupasuka kutoka chini kwenda juu. Mara nyingi dawa si saruji nyingi. Ni mtaro uliofunguliwa kabla ya mvua za Septemba, ukafagiliwa kila wiki. Salongo ya Jumamosi inayofagia uwanja mbele ya ofisi na kuacha mtaro wa nyuma umejaa plastiki imependezesha macho, lakini haijalinda jengo.

Umeme: kupima kabla ya kulalamika

Tangu sheria ya tarehe 17 Juni 2014 ilipofungua sekta ya umeme kwa makampuni ya kibinafsi, hali si moja kila mahali. Bukavu inategemea zaidi mitambo ya Ruzizi, ambayo umeme wake wa Ruzizi II, iliyoanza kazi mwaka 1989, unagawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Goma ilipata nguvu nyingine kutoka mtambo wa Matebe, katika teritwari ya Rutshuru, ulioanza mwaka 2015. Vijijini wengi hawana waya wowote. Lakini popote jengo lilipo, hasara zinafanana.

Hasara ya kwanza ni balbu. Balbu 20 za kizamani za wati 60, zikiwaka saa 5 kwa siku, zinatumia kilowati-saa 6. Balbu za LED za wati 9 zinazotoa mwanga unaokaribia huo zinatumia kilowati-saa 0,9. Kwa siku 30, tofauti ni 180 dhidi ya 27. Balbu ya LED ni ghali kidogo sokoni, na zipo za bandia zinazokufa baada ya wiki chache, kwa hiyo kununua iliyo ya bei ya chini kabisa si akili. Lakini iliyo nzuri inarudisha bei yake ndani ya muda mfupi.

Hasara ya pili ni jenereta kubwa inayofanya kazi ndogo. Hospitali nyingi zilipewa jenereta kama zawadi, bila kupimwa mahitaji. Jenereta haipunguzi mazutu kwa kiasi kilekile kazi inapopungua: ikibeba robo tu ya uwezo wake, bado inakunywa zaidi ya theluthi ya mazutu inayokunywa ikibeba mzigo wote, na injini yake inajaa moshi na kuharibika mapema. Kuiwasha usiku kucha kwa ajili ya taa tano na friji ya chanjo ni sawa na kutuma lori kubwa sokoni kununua mchicha. Kwa mzigo mdogo wa usiku, mashine ndogo ama umeme wa jua unafaa zaidi, na jenereta kubwa ingoje saa za upasuaji.

Hasara ya tatu ni umeme wa jua usiokuwa na akiba. Paneli zinaweza kudumu miaka 20 na zaidi, lakini betri za kawaida za risasi huchoka baada ya miaka mitatu hadi mitano. Mfadhili ameondoka, betri zimekufa, paneli zimebaki juu ya paa kama pambo. Hesabu ilikuwa wazi tangu mwanzo: tuseme betri zinagharimu dola 1 200 na zinadumu miaka minne, basi kila mwezi kituo kilipaswa kuweka kando dola 25. Dola 25 kwa mwezi zinapatikana. Dola 1 200 kwa siku moja hazipatikani.

Kuhusu bili, wateja wengi wa umeme nchini bado wanalipa kwa makadirio, bila konteri. Taasisi inayolipa hivyo haina sababu ya kuzima taa, kwani bili haishuki. Kudai konteri ni hatua ya kwanza ya kuokoa feza. Na mwenye konteri aisome jioni wakati wa kufunga ofisi na asubuhi wakati wa kufungua. Ikiwa imetembea sana wakati kila kitu kimezimwa, basi kuna waya unaovuja ama jirani aliyejiunganisha. Kipimo hicho hakigharimu hata franka moja.

Maji yanayotoka juu na yanayopotea chini

Bomba linalodondoka tone moja kila sekunde linapoteza karibu litri 20 kwa siku, yaani bidoni moja nzima. Mabomba matano yanayovuja katika hospitali ni bidoni 150 kwa mwezi, wakati wagonjwa wanatuma watoto wao kuchota maji ya kununua. Kinachokosekana mara nyingi ni kipande kidogo cha mpira ndani ya bomba, ambacho fundi wa maji anakibadilisha kwa dakika kumi.

Wakati huohuo maji ya mvua yanaachwa yaende. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni litri moja. Paa la mita 200 za mraba, mvua ya milimita 10 ikinyesha, linapokea litri 2 000. Hata tukitoa yanayomwagika, tunabaki na litri 1 600, ambazo ni bidoni 80 kwa mvua moja. Nchi ya Kivu inapata zaidi ya milimita 1 000 kwa mwaka. Tangi na mifereji ya paa vinagharimu, lakini maji hayo yanatosha kusafisha vyoo, sakafu na nguo za hospitali kwa sehemu kubwa ya mwaka. Goma na vijiji vinavyopata moshi wa volkano viwe na tahadhari: maji ya paa huko yanaweza kubeba floridi nyingi na uchafu mwingine, kwa hiyo yatumike kusafishia, si kunywa.

Daftari, fundi na zamu

Yote haya yanahitaji mtu. Katika majengo mengi ya umma kila mfanyakazi ana kazi yake, lakini hakuna anayebeba jengo. Hatua isiyo na gharama ni kumtaja mtu mmoja kwa jina na kumpa daftari. Ndani yake aandike vyumba, milango, mabati, mabomba, betri na tarehe ya kila tengenezo. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua za Septemba na wakati wa kiangazi cha Juni, azunguke jengo lote na fundi, juu mpaka chini.

Zamu na mfagiaji nao wasikilizwe. Hao ndio wanaona kwanza tone, ufa na waya unaotoa cheche, lakini ndio wa mwisho kuulizwa. Mfagiaji anayejua kwamba taarifa yake imeandikwa na bomba likatengenezwa ataleta taarifa nyingine.

Kuna pia suala la uaminifu. Mgeni mkubwa akitangazwa, feza zinapatikana kwa rangi ya ukuta wa mbele huku paa la nyuma linavuja. Matengenezo ni mahali rahisi pa kula feza, kwani nani atapanda juu kuhesabu misumari? Dawa yake ni nuru: bei tatu za mafundi watatu, risiti, na hesabu ya mwezi kubandikwa mlangoni ambapo kamati ya wazazi ama kamati ya afya ya mtaa inaweza kuisoma. Mashule matano ya parokia moja yakinunua balbu, kufuli na mabati kwa pamoja, na ya aina moja, yanapata bei nzuri kuliko kila moja kutuma mtu wake sokoni.

Vita vinaharibu, lakini havijibu swali

Kuna atakayesema: mnazungumza habari za balbu wakati nchi iko vitani. Ni kweli kwamba vita vimeharibu zaidi ya kutu yoyote. Mashule yamelaza wakimbizi wa ndani, madawati yamegeuzwa kuni, vituo vya afya vimeporwa. Hakuna daftari linalozuia bomu, na hakuna haki ya kumwambia mkurugenzi aliyepoteza shule yake kwamba alikosa utaratibu.

Lakini vita ndivyo vinafanya kila franka kuwa na uzito zaidi. Kituo kinachopokea majeruhi hakiwezi kuvumilia jenereta inayokunywa mazutu ya bure. Shule iliyolaza familia mia moja inahitaji vyoo kutapishwa kabla watoto hawajarudi, la sivyo kipindupindu kitatangulia masomo. Na majengo mengi yanayobomoka Kivu hayajaguswa na risasi. Yamebomolewa na mvua, mwaka baada ya mwaka, huku kila mkubwa akingoja mwenzake.

Onyo moja lisisahauliwe. Kuokoa feza ndani ya jengo kusiwe kisingizio cha Serkali kujitoa. Kifungu cha 175 cha Katiba kinasema asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ni ya majimbo na inakatwa palepale yanapokusanywa. Majimbo yamelalamika miaka mingi kwamba hayapati haki hiyo kamili. Feza hizo zikifika, bunge la jimbo lina kazi ya kuona kwamba ndani ya bajeti mna mstari wa matunzo ya majengo, uliotengwa mbali na mstari wa kujenga, ili usiliwe na uzinduzi wa mwaka ujao. Na mkataba wa 1977 unahitaji maelewano ya wazi kati ya Serkali, majimbo na makanisa: nani analipa paa, nani analipa balbu, nani analipa choo.

Kwa hiyo, siku nyingine mkubwa atakapofika na mkasi wa kukata utepe, kamati ya wazazi ama ya afya imuulize mambo matatu mbele ya watu. Nani ametajwa kutunza jengo hili? Feza za matunzo za mwaka wa kwanza ziko kwenye mstari gani wa bajeti? Betri, bomba ama bati likiharibika, tunampelekea nani barua, na anajibu kwa siku ngapi? Akiwa na majibu, akate utepe. Asipokuwa nayo, wazazi na wagonjwa wajue kwamba bili itawafuata wao.